Kwenda Kambini kwa Kupenda



Wengi kati yenu mnaosoma ukurasa huu mlizaliwa kambini. Sisemi kambi ya waaskari. Nasema zile kambi za kazi ambazo kila mtu wa Likasi au Kolwezi anazijua: nyumba zimepangwa mistari, namba juu ya mlango, bomba la maji kwenye kona, king'ora cha kazi asubuhi. Mimi vilevile nilizaliwa humo. Baba yetu alikuwa mfanyakazi wa madini kule Likasi, na mtu akiniuliza, "Weye mutoto, unakaa wapi?", nilijibu "Mu kambi" bila haya, tena kwa kiburi kidogo, kwa sababu mtoto wa kambi alikuwa mtoto wa posho. Unga ulikuja, samaki ilikuja, hata madaftari ya shule yalikuja. Ninyi vijana wa leo mmesikia tu habari hizo kwa wazee wenu, na labda mmechoka kuzisikia.

Nimeanza na neno hilo, kambi, kwa sababu njo neno lililonifanya nimkosee mtu wa jamaa yangu, na ninataka mjue namna gani.

Mdogo wangu anakaa Marekani, katika mji wa Portland, jimbo la Oregon, upande wa magharibi kabisa. Vita vya 1998 vilimkuta Kalemie kwa mjomba wetu. Mwaka 1999 akavuka ziwa Tanganyika, akafika Nyarugusu, kambi ya wakimbizi katika mkoa wa Kigoma, Tanzania. Kule alioa binti wa Fizi. Binti huyo, shemeki yangu, alikuwa ametangulia: alifika Nyarugusu mwishoni mwa 1996, mwaka uleule kambi ilipofunguliwa, naye alikuwa mtoto wa miaka 10. Wakakaa kule mpaka 2015, walipopokelewa Marekani pamoja na watoto watatu. Wa nne alizaliwa Portland.

Katika Desemba 2021 mdogo wangu alinipigia simu. Kanisa moja la kule lilikuwa limenialika kwa Julai ya mwaka uliofuata, naye alikuwa na furaha, lakini alikuwa pia na shida.

"Yaya, batoto bananisumbua," aliniambia. "Benzabo ku masomo bote banaendaka kulala pembeni ya bahari na mamotokari. Nabo banataka. Lakini bibi anakatala. Umusemeshe weye."

Lazima kwanza nieleze desturi hiyo, kwa maana sisi huku hatuna. Marekani kuna parke za taifa, kama vile sisi tuna Upemba na Kundelungu. Lakini kila jimbo nalo lina parke zake, ndogo zaidi, na nyingine ziko pwani ya bahari. Ndani ya parke hizo kuna viwanja vidogo vyenye namba. Jamaa inalipa kwa usiku, inapata kiwanja chake, meza ya mbao na mahali pa kuwasha moto, inakaa siku mbili au tatu, kisha inarudi nyumbani. Wengine wanasimamisha hema. Wengine wanakuja na motokari-nyumba, ile Wamarekani wanaita kwa herufi mbili tu, RV: motokari ndefu yenye vitanda, jiko, friji na choo ndani. Mwenye feza ananunua yake, asiye nazo anakodi. Na jambo lote hilo wanaliita kwenda kambini.

Niliposikia mara ya kwanza nilicheka. Mtu ana nyumba nzuri yenye umeme usiokatika, halafu analipa feza alale porini! Lakini watoto wa mdogo wangu walikuwa wameomba, na mimi ni baba mkubwa wao. Nikasema, nipe shemeki.

Hapo njo nilikosea. Nilimsemesha kama mchungaji anayejua kila kitu. Nilimkumbusha Sikukuu ya Vibanda, namna Waisraeli walivyoacha nyumba zao siku 7 na kukaa katika vibanda vya matawi, ili watoto wao wakumbuke njia ya jangwani. Niliona neno langu ni zuri sana. Kisha nikaongeza mzaha: "Shemeki, weye njo fundi wa kambi kati yetu. Utatufundisha bote."

Akajibu, "Ndiyo, pasta." Akamrudishia bwana wake simu. Wiki mbili zikapita, nikipiga simu naambiwa yuko jikoni, yuko kazini, amelala.

Mke wangu njo aliyenifungua macho. Tulikuwa tunakula bukari, akaniambia polepole: "Weye ulikomea mu kambi ya posho. Baba yako alifanya kazi, akalipwa. Yeye alikomea mu kambi ya karte, ya kungojea kupewa. Munasema neno moja lakini haiko kintu kimoja." Nikaacha kula.

Nikampigia shemeki, nikaomba msamaha kwanza, kabla ya salamu ndefu. Alinyamaza muda, mpaka nilifikiri simu imekatika. Halafu akaongea. Kiswahili chake kimechanganyika na kile cha Kigoma, kiko laini kuliko chetu. Alisimulia turubai la plastiki waliloezeka, namna mvua inavyopiga juu yake mpaka hamsikilizani. Kupanga ndoo kwenye foleni ya maji gizani. Mama yake akimwamsha usiku ili wasindikizane chooni, juu ya hofu. Na neno moja ambalo nimelibeba tangu siku ile: walipokimbia Fizi, baba yake aliwaambia watoto wasibebe vitu vingi, watarudi baada ya wiki mbili. Baba huyo amezikwa Nyarugusu.

"Pasta," akasema, "bahari siikatai. Ninachokataa ni kutoka nyumbani bila kujua siku ya kurudi."

Siku chache baadaye alinitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa ameongea na bwana wake na watoto, na alikuwa na masharti 4. Mlango wenye ufunguo. Maji yasiyo na foleni. Choo cha ndani, mtu asitoke usiku. Na karatasi iliyoandikwa tarehe ya kurudi.

Ndugu msomaji, watoto walikuwa wanafikiria hema, kwa sababu hema ni rahisi kwa feza. Masharti ya mama yao njo yaliyoleta motokari-nyumba. Na kuanzia siku ile, mtu aliyekataa safari akawa mwenye kuipanga. Mdogo wangu anafanya kazi ya usiku na hakuwa na nguvu za mambo hayo. Mtoto mkubwa, kijana wa miaka 15, alitafuta habari kwenye intaneti na kumsomea mama yake. Mama alikaa mezani na daftari. Mtu aliyepanga chakula cha mwezi mzima kwa vikombe vya unga haogopi kupanga siku nne.

Walichagua Fort Stevens, parke ya jimbo la Oregon iliyo mahali mto Columbia unapoingia katika bahari ya Pasifiki, kilometa karibu 160 kutoka Portland. Palikuwa ngome ya askari tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, katika miaka ya 1860, mpaka mwisho wa vita vya pili vya dunia. Leo ni mahali pa watoto na baiskeli. Viwanja vya kulala viko karibu 500, na zaidi ya 150 kati ya hivyo vina kila kitu: bomba la maji safi, umeme, na tundu la maji machafu, vyote palepale unaposimamisha motokari. Unaunga mipira na waya, na nyumba yako inaishi. Shemeki aliuliza mara tatu kama maji ni ya kiwanja chako peke yako. Kijana akamwonyesha picha ya bomba.

Kule Oregon unaruhusiwa kuagiza kiwanja miezi 6 mbele, na kwa Julai ni lazima ufanye hivyo, maana jua la kweli ni la miezi michache na kila jamaa inalingojea. Walitaka kuingia Ijumaa tarehe 15 Julai 2022. Kwa hiyo Jumamosi tarehe 15 Januari kijana aliamka mapema, akaandika jina, akalipa kwa kadi ya baba yake, akapata. Kiwanja, usiku 3, kuingia saa kumi ya alasiri, kutoka Jumatatu tarehe 18 saa saba ya mchana. Akachapisha karatasi. Furaha ilijaa nyumba.

Asubuhi ileile, kabla hawajamaliza chai, simu zikaanza kutoa habari. Volkano ya chini ya bahari ilikuwa imelipuka huko Tonga, mbali sana katikati ya Pasifiki, na watu wa pwani ya Oregon walikuwa wanaambiwa wakae mbali na ufuko kwa sababu ya mawimbi ya tsunami. Fikiri wewe! Siku ile, saa ile. Mdogo wangu aliniambia alimtazama bibi yake usoni na kusema moyoni, basi, safari imekufa.

Mawimbi yaliyofika kule hayakuwa makubwa, ashukuriwe Mungu. Lakini shemeki hakukemea wala hakufuta safari. Aliuliza tu, "Maji yakija, mtu anakimbilia wapi?" Kijana akatafuta. Kumbe pwani yote ya Oregon ina ramani za kukimbia, kwa sababu chini ya bahari ile kuna ufa mkubwa wa ardhi, na tetemeko kubwa la mwisho lilitokea Januari 1700. Vibao vimewekwa njiani kuonyesha watu upande wa kupanda. Shemeki akasoma ramani ya eneo la parke, akaweka kidole juu ya mahali pa juu, akapima njia. Kisha akachukua karatasi ya tarehe ya kurudi na ile ramani, akazibandika pamoja juu ya mlango wa friji. Zikakaa pale miezi 6.

Mimi ninajua wababa wengi, na mimi ni mmoja wao, ambao katika mambo kama hayo tungesema, "Usilete hofu, tuko na Mungu." Yeye hakuwa na hofu wakati ule. Alikuwa anafanya kazi.

Sitaeleza maandalio yote. Feza ziliingia kila mwezi katika kopo la kahawa. Kukodi ile motokari siku 4 pamoja na bima kulikula karibu dola 900, na sitawaficha kwamba niliposikia hesabu hiyo nilianza kuhesabu matofali na mabati. Lakini feza zilikuwa za jasho lao. Jambo moja nililojifunza ni hili: mwenye kukodisha anakutajia vitanda, wewe uliza mikanda ya viti. Motokari inaweza kulaza watu 8 na ikawa na mikanda 6, nasi tulikuwa 7, na sheria ya kule haina mchezo. Walibadilisha motokari mara mbili kabla ya kupata iliyofaa, ya urefu wa metre 9, kisha ikabidi waangalie tena kama kiwanja chao kina urefu huo. Leseni ya motokari ndogo inatosha kwa kuiendesha. Mdogo wangu aliendesha mikono imekaza kama mtu aliyebeba mayai, na kila daraja tulilopita chini yake sisi wote tuliinamisha vichwa.

Tulifika Ijumaa baada ya saa kumi. Kazi ya kwanza haikuwa kuunga umeme. Shemeki alitutoa wote, hata mtoto wa miaka 4, akatutembeza kwa miguu ile njia ya kukimbia. "Hapa. Kisha hapa. Mkipotezana na mimi, msinitafute, mje hapa." Jamaa za jirani walitutazama. Baada ya hapo akafungua bomba lake, akakinga mikono, akanawa uso, na hapakuwa na mtu nyuma yake wala mbele yake.

Tulipoona bahari! Mimi ni mtu wa Katanga. Nchi yetu kubwa hii ina pwani isiyofika kilometa 50, kule Muanda, nami sijawahi kufika. Kitu cha kwanza ni sauti, inakuja kabla ya maji, kama treni isiyopita. Cha pili ni baridi. Maji yale hata katika Julai yanauma miguu. Watoto walioga katika ziwa dogo lililo ndani ya parke, Coffenbury, ambalo linapata jua. Baharini hatukuwaacha bila mtu mzima, na hatukuipa bahari mgongo, kwa sababu huko mawimbi yanakuja madogo madogo, halafu linatokea moja refu linalovuta mtu. Hata magogo makubwa yaliyolala ufukoni usiyakalie, maji yakija yanayageuza kama kijiti.

Ndani ya mchanga kuna mifupa ya chuma ya meli, Peter Iredale, iliyokwama pale tarehe 25 Oktoba 1906. Hakufa mtu. Nilipogusa chuma kile chenye kutu nilikumbuka kwamba siku 3 baadaye, tarehe 28 Oktoba 1906, njo Union Minière ilianzishwa, ile iliyojenga kambi nilimozaliwa. Na mto Columbia wenyewe, kabla ya kufika hapo, unapita Hanford, mahali ambapo Wamarekani walitumia maji yake kupoza mitambo ya kutengeneza plutonium kwa bomu la Nagasaki la 1945. Urani nyingi ya kazi yao ya wakati ule ilitoka Shinkolobwe, jirani yetu ya Likasi. Mtu anasafiri mbali hivyo, kumbe udongo wa kwao umemtangulia. Nilisimama pale muda mrefu, mpaka watoto wakanivuta shati.

Jambo lingine lilinishangaza, na ninyi wa maeneo ya madini mtanielewa. Tulitembea ufukoni mpaka tukachoka, na hatukukuta uzio wala mlinzi wa kutuuliza karatasi. Nikauliza, fuko hili ni la nani? Mwaka 1967 jimbo la Oregon lilitunga sheria kwamba ufuko wake ni wa watu wote. Hata tajiri mwenye nyumba juu ya mchanga hawezi kukuzuia kupita mbele yake.

Lakini msifikiri kila kitu kilikwenda vizuri. Kijana wetu alikuwa ameota miezi 6 kuchimba kombe, zile ndefu kama kisu wanazochimba mchangani kwa koleo maji yakipwa. Alikuwa amekata leseni, ameazima koleo. Jumamosi asubuhi alitangulia ufukoni, akarudi uso umeanguka. Kuanzia 15 Julai mpaka 30 Septemba uchimbaji wa kombe pwani ile unafungwa kila mwaka, ili wadogo wakomae. Tuliingia tarehe 15 yenyewe. Katika daftari lote lile la mama yake, na intaneti yote ile, hakuna aliyeuliza swali hilo. Mimi nilikuwa na sombe na samaki wakavu, tukala hivyo.

Na bukari je? Tulisonga. Mdogo wangu alishika sufuria, mimi nilishika mwiko, na motokari nzima ikatikisika mpaka sahani zikalia kabatini. Jirani mmoja mzee alikuja kuuliza kama tuna shida.

Usiku wa kwanza manyunyu yalishuka. Nilikuwa nimelala mbele, kwenye kitanda kinachotoka kwenye meza. Niliamka nikaona shemeki amekaa karibu na mlango, mkono juu ya ufunguo. Mvua ilikuwa inapiga paa. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, mazuri, ya Maandiko. Safari hii niliyameza. Nikawasha gesi, nikachemsha chai, tukainywa bila kuongea. Baadaye akasema, "Hapa hapavuji." Nikasema, "Hapavuji, shemeki." Akaenda kulala.

Jumapili jioni tuliwasha moto. Kuni tulinunua palepale, maana wanakataza kuleta kuni kutoka mbali, zisibebe wadudu wa kuua miti yao. Katika Julai jua la kule linazama karibu saa tatu ya usiku, na watoto walikuwa hawataki kuingia ndani. Binti wa miaka 12 akamwuliza kaka yake: "Nyarugusu ilikuwaje? Kulikuwa na moto kama hivi?" Yule kijana alitoka kule akiwa na miaka 8, anakumbuka. Mimi nilimtazama mama yao.

Kijana akaanza kusimulia. Mpira wa mifuko ya plastiki waliokuwa wanacheza mpaka giza. Kwaya ya kanisa la udongo. Embe. Rafiki yake mmoja aliyeweza kupiga mluzi kama ndege yoyote. Alisimulia na macho yake yanacheka, mpaka wadogo zake wakaona wivu. Kisha akasema, "Mimi kule nilikuwa na furaha, mama. Si ni kweli?"

Moto ulilia kidogo. Shemeki alikuwa anageuza kipande cha ukuni kwa kijiti.

"Ni kweli," akasema. "Nilifanya kazi sana usijue."

Hakuna aliyeongeza neno. Kijana alihama kiti chake, akaenda kukaa kando ya mama yake, yeye mrefu namna ile, akaegemeza kichwa begani kwake kama mtoto mdogo. Nami nilifikiri juu ya mama yangu katika kambi yetu ya Likasi, miezi ile ambapo malipo yalichelewa na posho haikuja, nasi watoto tuliendelea kuruka kamba na kupigana mipira. Sikuwahi kumwuliza. Sasa hayupo.

Jumatatu asubuhi mimi na mdogo wangu tulipewa kazi ya wanaume, yaani kumwaga maji machafu. Kuna matangi mawili, la choo na la kunawia. Fungua kwanza la choo, kisha la kunawia, ili maji ya sabuni yasafishe mpira. Na mpira ukazwe vizuri kabla ya kufungua. Mimi njo niliyekuwa na kazi ya kuukaza. Viatu vile niliviacha Oregon, tusiongee zaidi.

Saa nne kila kitu kilikuwa tayari. Shemeki alikuwa amefagia kiwanja kwa tawi, mistari mistari, kama lupango ya kwetu siku ya wageni. Mabati ya sahani yamefungwa, waya umekunjwa, watoto wamefunga mikanda. Mdogo wangu akawasha motokari. Shemeki alikuwa kiti cha mbele, na ile karatasi ya friji mkononi, imechakaa kwenye kona. Akaisoma tena.

"Zima," akamwambia bwana wake. "Wameandika saa saba. Tulilipa mpaka saa saba."

Tukashuka wote, tukarudi baharini.